Bombani Hakuna Bomba

Siku ile ya keki na hotuba mliniomba, wenzangu mnaobaki ofisini, niandike uzoefu wangu kwa faida ya vijana. Nilicheka, nanyi mkadhani ni furaha. Nimetayarisha hatifungani za miji na za mamlaka za maji tangu nikiwa msichana, mpaka sasa ninapoficha mvi kwa rangi ya dukani, na hakuna hata moja iliyofika mwisho. Nyingine zilikufa mezani, nyingine njiani, na moja ilikufia mikononi mwangu nyumbani kwetu Kyela. Huo ndio uzoefu wangu. Anayetaka mwingine akamuulize mtu mwingine.

Kwa yule aliyeajiriwa juzi, nieleze kidogo. Hatifungani ni mkopo uliokatwa vipande. Mji unataka soko, stendi au maji, na badala ya kwenda kupiga magoti kwenye benki moja, unauza vipande vya deni lake kwa watu wengi. Mwenye kipande analipwa riba mara mbili kwa mwaka, muda ukiisha anarudishiwa hela yake, na wakati huo watu wamekwisha kunywa maji. Zile za serikali kuu zinauzika, na ndizo zilizotulisha ofisini miaka yote. Mimi niliajiriwa kwa ajili ya za miji, yaani nilikuwa napika pilau la harusi ambayo bibi harusi haji.

Nilianza kazi Mbeya, ofisi ikiwa ghorofani juu ya duka la vipuri vya baiskeli. Mwenye ofisi alikuwa Mzee Asajile, aliyewahi kuwa mweka hazina wa mji kabla hajachoka na vikao. Asubuhi ya kwanza alinipa kikokotoo cha umeme kile kinachotema karatasi, kisha akafungua kabati akatoa mabuti ya mpira.

"Haya ya nini, Mzee?" nikauliza. Nilikuwa nimevaa viatu vya kisigino, vya kuazima.

"Ya kazi."

"Nilidhani kazi ni hesabu."

"Hesabu utafanya Ijumaa," akasema. "Jumatatu mpaka Alhamisi utakanyaga matope uone hiyo stendi wanayosema ina magari mengi kama kweli ina magari."

Ndivyo alivyonifundisha. Mkienda kukagua mji unaotaka kukopa, msianze na vitabu vya mahesabu, anzeni na choo cha soko. Choo kikiwa kimefungwa kwa kufuli, au kikiwa kinatoza na hakina maji, mmejua mji huo unakusanyaje na unatumiaje. Kaeni kwenye geti la ushuru asubuhi nzima, mnunue karanga, mhesabu magunia. Mzee Asajile alikuwa na msemo wake kwamba mkopo ni mwiba, huingia kwa urahisi na kutoka kwa kilio. Lakini aliamini, na hapo ndipo aliponiharibu. Aliamini ipo siku mji mdogo kama wetu utajijengea kitu chake kwa hela za watu wake wenyewe. Alifariki akiwa anaamini, na mimi nikairithi ile imani pamoja na kabati.

Zilizokufa mezani nitazipita haraka. Mji mmoja wa mbali, sitautaja, ulitaka stendi. Kwenye kikao cha kwanza swali la kwanza lilikuwa kama posho ya kikao hicho inaweza kulipwa kutoka kwenye hatifungani, ambayo wakati huo ilikuwa karatasi mbili na ndoto. Mji mwingine ulitaka soko. Tulifanya kazi mpaka uchaguzi ukafika, waliokuja wakataka uwanja wa mpira, na soko letu likaenda na waliotoka. Kila mara nilirudi Mbeya, nikapanga mafaili, nikasema safari ijayo. Vijana, hilo neno "safari ijayo" limekula ujana wangu wote.

Halafu ikaja ya kwetu.

Kyela ni bapa. Mvua za masika zikikaza, mito yote inayoshuka kutoka milimani inakumbuka kwamba hapa chini ndipo inapopumzika. Maji yanaingia mashambani, yanaingia jikoni, yanaingia chooni, na yakitoka chooni yanaingia kisimani. Baada ya hapo kila nyumba ina mtu mwenye homa ya matumbo. Mimi nimekulia Ipyana, na mdogo wangu wa kiume alikwenda kwa homa hiyo akiwa hajaanza shule. Milimani, kule juu Rungwe, kuna maji safi yanayoweza kushuka yenyewe bila pampu. Kinachotakiwa ni bomba, basi. Mamlaka ya maji iliyotuajiri ilikuwa na michoro, ilikuwa na kibali cha kukopa, na iliniomba mimi nitayarishe hatifungani. Nilifunga mlango wa ofisi nikalia. Niliona kama miaka yote ya nyuma ilikuwa mazoezi.

Mpango ulikuwa hivi. Mnunuzi mmoja mkubwa, mfuko wa akiba za watu, alikubali kuchukua sehemu kubwa ya vipande, kwa sharti moja: wananchi wenyewe wa Kyela wanunue kwanza sehemu waliyotengewa. Kama wao hawaamini maji yao, akasema, mimi nitaaminije? Sehemu hiyo isipofikiwa mpaka dirisha la mauzo, yaani muda wa kununua, linafungwa, hakuna hatifungani, na kila aliyenunua anarudishiwa hela yake. Niliona ni sharti la haki. Hata leo naliona hivyo, na hiyo ndiyo sehemu inayouma.

Hapo ndipo anapoingia Mama Bupe. Alikuwa mkulima wa kakao wa kijiji cha jirani na kwetu na kiongozi wa umoja wa vikundi vya akina mama, kuanzia Ipyana mpaka Makwale. Mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kwaya, asiyejua kuongea taratibu. Nilimkuta anageuza kakao kwenye mkeka. Nilimsalimu mugonile kama inavyopasa, nikakaa, nikaeleza habari ya vipande na riba. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo sisi ndio tunaikopesha mamlaka," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Wao ndio wanadaiwa."

"Ndiyo."

Akaacha kugeuza kakao, akacheka mpaka akashika kiuno. "Nkamu gwangu, ndugu yangu, nimezaliwa nikidaiwa. Niandike jina la kwanza."

Alizunguka nami msimu mzima. Makanisani alisimama baada ya matangazo, kwenye mpunga alisimama katikati ya matope. Nilikuwa naeleza mimi kwa Kiswahili cha ofisini, watu wananitazama, kisha anaeleza yeye kwa Kinyakyusa na wanacheka na kuitikia. Katumba Songwe tulikwenda kwa wafanyabiashara wanaovuka mto kwenda Malawi. Bwana Saidi, mwenye duka kubwa la mafuta ya kupikia, alitukaribisha chai, akasikiliza, akanigeukia mimi, akasema, "Mama Gwakisa, mimi riba siigusi, utanisamehe. Ila siku ya kuchimba mtaro nileteeni habari, nitaleta watu na majembe." Vijana, mtu akiwaambia hivyo msibishane naye. Semeni ahsante mnywe chai. Dini yake anayo, na majembe nayo yanahitajika.

Wapima wakapita wakipigilia vigingi vyenye rangi nyekundu kuonyesha njia ya bomba. Mimi niliwafuata nyuma nyumba kwa nyumba, nikiomba wenye mashamba waache ukanda wa hatua chache bila mazao ya kudumu. Watu walisitasita, maana ukanda ule ulikula migomba, na kwa Mama Bupe ulikula kakao inayozaa. Siku moja tulimkuta ameshika panga. Alikata miti yake mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, matunda yakiwa bado ya kijani juu yake, na majirani wamesimama wanatazama. Bupe, binti yake mkubwa, aliyaokota matunda akayaweka kwenye ndoo. Baada ya hapo hakuna aliyeniuliza tena swali la ukanda. Waliuacha wazi wote, kutoka barabarani mpaka mtoni, na watu wakaanza kuutumia kama njia. "Tukutane bombani," wakawa wanasema.

Dirisha la mauzo tulilifungua baada ya masika, minada ya kakao ikiwa imeanza na watu wana hela. Hilo lilikuwa sawa. Waraka wa mauzo ulitaja hatari zote zinazoweza kutokea: mafuriko, vita, kupanda kwa bei ya mabomba, kuyumba kwa sarafu. Ulisomwa na wanasheria na wahasibu, mimi niliusoma mpaka naukariri. Ulikuwa waraka mzuri kuliko wote niliowahi kushiriki.

Mauzo yakaanza, na vikundi havikuja. Denis, aliyekuwa anasimamia mauzo Dar es Salaam, alinipigia simu kila asubuhi. Najua unasoma hapa, Denis, nami sikulaumu.

"Mama, kuna tatizo gani huko? Wananunua mmoja mmoja tu. Si wanaweza kununua kwa simu?"

"Wanasubiriana. Watakuja pamoja."

"Kwa nini wasubiriane?"

Ningemwelezaje? Kwetu jambo kubwa haliendewi na mtu mmoja kama mwizi. Akina mama walikuwa wamekubaliana kwamba hela itakusanywa kwa kila kikundi, kisha siku moja watavaa sare, watatoka na matarumbeta ya kanisani, na Mama Bupe akiwa mbele wataingia benki kwa nyimbo. Hela ilikuwepo tayari. Nilijua ilikuwepo, kila mweka hazina wa kikundi alikuwa amenionyesha. Walikuwa wanamsubiri mtu mmoja apone, kwa sababu Mama Bupe alikuwa amelazwa kwa homa ya matumbo.

Nilikwenda kumwona hospitali. Midomo ilikuwa imekauka na ile sauti ilikuwa imebaki kidogo tu. Sikumtajia dirisha, alilitaja yeye.

"Wasiende bila mimi," akasema. "Nikitoka hapa tunakwenda wote. Nimeshachagua na wimbo."

"Pona kwanza, mama."

"Ndaga, ahsante. Mwambie yule wa Dar asifunge mlango."

Nilimwambia Denis. Denis aliuliza wakubwa, na wakubwa wakajibu kwamba muda unaweza kuongezwa kwa sababu zilizotajwa kwenye waraka tu. Nilitafuta kwenye waraka wetu mzuri. Mafuriko yalikuwepo, vita ilikuwepo. Ugonjwa wa mama mmoja wa Kyela haukuwepo, na nani angeufikiria?

Alifariki dirisha likiwa karibu kufungwa.

Mnaojua misiba ya Unyakyusa hamhitaji kuelezwa. Asiyejua aelewe kwamba mtu wa namna ile akifa, jembe linawekwa chini kata nzima. Hakuna anayekwenda mnadani, hakuna anayekwenda benki. Watu wanalala msibani na wanapika msibani. Walitoka Makwale, walitoka kandokando ya ziwa, ndugu zake wa ng'ambo ya Songwe walikodishiwa lori. Wanawake walilia kwa zamu ili kilio kisikatike. Mimi nilikuwa jikoni namenya ndizi na wenzangu, na simu ya Denis inalia kwenye pindo la khanga, nami siipokei, maana ningesema nini? Ningesimama katikati ya vile vilio niwaambie jamani mkimaliza kulia tupite benki? Kuna mambo mtu aliyezaliwa Ipyana hawezi kuyafanya hata akilipwa.

Nje wanaume walikuwa wanachinja, ng'ombe baada ya ng'ombe. Nilimwona mweka hazina wa kikundi chake, mama wa makamo aliyezoea kunikwepa macho hata siku za kawaida. Akaja akakaa karibu yangu, akachukua kisu, akaanza kumenya.

"Mama Gwakisa," akasema baadaye, "ile hela ya bomba."

Nikaendelea kumenya.

"Tumenunulia ng'ombe. Na lori. Na vikundi vingine nao wameleta ya kwao. Mama Bupe hawezi kuzikwa kama kuku."

"Hapana," nikasema. "Hawezi."

"Tungefanyaje?"

"Hakuna ambacho mngefanya, mama."

Nililia pale juu ya beseni la ndizi, wakadhani namlilia marehemu, na ni kweli nilikuwa namlilia. Nilimlilia na bomba lake. Alikufa kwa maji machafu, na hela ya maji safi ikamzika. Nimejaribu miaka yote hii kumtafuta mwenye kosa ili nipate wa kumchukia, na sijampata. Wakubwa walifuata waraka. Mnunuzi mkubwa alishika neno lake. Akina mama walimzika mtu wao kwa heshima kama mama zao walivyofanya. Mambo yote yalikuwa sahihi, na maji hayakuja.

Wakati dirisha linafungwa tulikuwa makaburini na matarumbeta yanapiga. Wimbo ulikuwa ule aliouchagua yeye kwa ajili ya benki. Bupe ndiye aliyewaambia.

Wachache walionunua mmoja mmoja walirudishiwa hela yao yote. Hapo mtacheka. Walinishika mikono sokoni, ndaga fijo, Mama Gwakisa, hatujawahi kuona watu wa ofisini wanarudisha hela. Mzee mmoja aliniletea jogoo. Katika miaka yangu yote ya kazi hiyo ndiyo sifa kubwa niliyopata, sifa ya kushindwa kwa uaminifu. Jogoo nilimla, sikuona ladha.

Tulijaribu tena, msiseme hatukujaribu. Mnunuzi mkubwa alikuwa ameshaweka hela yake kwingine. Bei ya mabomba ikapanda, makadirio yakapitwa na wakati, na kuyafanya upya kukahitaji hela ambayo ingetoka kwenye hatifungani. Nikaandika "safari ijayo" kwa mara ya mwisho, na barua ya kustaafu ikanikuta.

Sasa nakaa Ipyana kwenye nyumba ya wazazi. Nachemsha maji asubuhi na jioni, na masika yakija nahesabu wagonjwa wa majirani. Mkiniuliza kama kazi hii ina maana sitawadanganya. Sijui. Mzee Asajile angejua la kusema, lakini Mzee Asajile hakumenya zile ndizi. Wateja wenu wa mjini wataendelea kununua za serikali kuu, mtalipwa vizuri, mtajenga. Za miji zikija mezani zitayarisheni vizuri kama mnavyoosha maiti, kwa sababu ni heshima, msitegemee atainuka.

Ukanda bado uko wazi. Hilo ndilo siwezi kulivumilia. Vigingi vimeoza, vingine vimeliwa na mchwa, lakini kutoka barabarani mpaka mtoni hakuna aliyepanda mgomba hata mmoja. Mahali penyewe pana jina sasa. Mgeni akiuliza njia anaambiwa afike Bombani, akate kushoto.

Mwezi uliopita Bupe alinijia. Ameolewa, ana watoto, na shamba la mama yake ndilo analolima. Alikaa nje ya mlango, akanisalimu kwa adabu, akazungusha maneno kama mtu anayekuja kuomba mahari irudishwe.

"Mama, pale bombani," akasema mwishowe. "Pamekaa bure muda mrefu. Tupande?"

Nilijua siku hiyo itakuja. Sina mamlaka yoyote, sina ofisi, ni mwanamke mstaafu mwenye mabuti ya mpira kabatini. Lakini mimi ndiye niliyewaomba waache, kwa hiyo alikuja kuniuliza mimi.

"Pandeni," nikamwambia. "Waambie na wengine. Pandeni wote. Imekwisha."

Neno hilo la mwisho lilinichukua muda kutoka. Bupe alisema ndaga, akaenda. Nililala siku hiyo mapema kama mtu aliyetoka kuzika.

Juzi nilipita kwake. Ukanda umelimwa vizuri, matuta yamenyooka kutoka mpaka hadi mpaka, na karanga zimeshatoa majani. Karanga tu. Pande zote mbili kakao ya mama yake imesimama imejaa matunda. Nikamuuliza kwa nini asirudishie kakao, ardhi ile si ilikuwa ya kakao?

Alinitazama kama ananionea huruma kwa kutojua kazi yangu mwenyewe.

"Kakao ina mizizi, mama," akasema. "Bomba likija tutang'oa tena?"